Msimbo wa mfano wa mwenye chipu: umepewa au umeazimwa?

Wadau, hili naliandika maana hapa Dodoma vijana tunaotengeneza vifaa tunaongezeka na wengi tunapita njia hii hii bila kusoma. Sisi tulitengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa shamba la zabibu kule Hombolo, maji huku ni ya kuhesabu kwahiyo mkulima akiona udongo bado una unyevu hawashi pampu. Programu yote tukaiweka GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kugawana msimbo) kwa leseni ya GPL toleo la 3, leseni huria ambayo yeyote anachukua, anabadilisha na kusambaza mradi naye agawe kwa leseni hiyo hiyo. Ndani kulikuwa na faili moja la mfano tulilolikopi kwa kampuni yenye chipu, lile la kuwasha redio. Siku moja jamaa akatuuliza, pale juu mmesoma? Nikafungua, ile mistari ya mwanzo ambayo kila mtu anairuka imeandikwa ruksa kutumia, kubadilisha na kusambaza ila kwenye chipu zao tu.

Hapo ndo shida ilipo. GPL inakataza kumuongezea mwenzako masharti mengine, leseni ya kampuni inakulazimisha uyaongeze, ukiziunganisha kwenye programu moja ukasambaza lazima uvunje mojawapo. Na masharti haya si ya kampuni moja, leseni ya watengeneza chipu Nordic ya vipengele 5 inayo, ile ya Atmel kwenye ASF, laibrari yao ya msimbo wa chipu, nayo inayo.

Kampuni nazielewa kabisa. Wamelipa mainjinia, msimbo wanautoa bure, hela yao iko kwenye chipu, sasa mpinzani akiuchukua akauzie chipu zake itakuwa wamemfanyia kazi yeye.

Ila mimi naona wanafungia kitu kisichohitaji kufuli. Mfano ni wa kufundishia, mistari michache ya kuonyesha chipu inaongeleshwaje. Alafu chipu zinaadimika, tuliona uhaba wa 2021, unalazimika kuhamia chipu nyingine na hapo kila kipande ulichojengea juu ya ule mfano unabidi ukichomoe. Espressif, nao watengeneza chipu, wametoa ESP-IDF, yaani msimbo wao wa kujengea programu za chipu zao, kwa Apache 2.0, leseni huria isiyokufunga kwenye chipu zao, na chipu bado wanauza (Apache 2.0 inakaa na GPL toleo la 3, ila na GPL toleo la 2 haikai, muwe makini). Wakitaka kufunga wafunge ile programu nzito ya redio yenyewe, mifano waiachie.

Kuna wanaosema futa yale maandishi ya juu nani atajua. Hapana jamani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na ukifuta unamtegea anayekuja kuchukua kwako akiamini ni huria. Kumwekea linki akashushe faili mwenyewe kwa kampuni kunasaidia kwenye msimbo tu, programu iliyokwisha kujengwa bado huwezi kumgawia. Tungeweza pia kuongeza kwenye GPL yetu ruhusa maalum ya kuunganisha na faili lile la kampuni, ila tulikuwa tumechukua vipande vya GPL vya mtu mwingine na ruhusa ya vile ni yake yeye.

Mwisho tulilitoa lile faili tukakaa na kitabu cha maelezo ya chipu, rejista (vile visehemu vya chipu unavyoviandikia namba kuiamuru) moja baada ya nyingine, tukaandika la kwetu. Usiku redio ilipoitika kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza nilichoandika juu ya faili ni leseni.