Mlio Ule Si Kasoro

Jumamosi iliyopita, kwenye tamasha moja hapa Nairobi, fundi wa mitambo alichomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi za nyatiti, kinubi cha Wajaluo cha nyuzi nane, niliyoichonga kwa miezi minne. Hakuniuliza. "Ilikuwa inakwaruza, nimeirekebisha," akaniambia kwa uso wa mtu aliyetenda wema. Hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Inakwaruza kwa sababu nimeifanya ikwaruze! Jioni tatu nzima nilikuwa nimeinamia daraja lake, kile kipande kinachobeba nyuzi, napachika tete na nta, naondoa, nasogeza upana wa unywele, napachika tena. Uzi ukiligusa tete kidogo mno, mlio haupo. Ukilikandamiza, sauti inakabwa. Ule mngurumo ndio unaozipa nyuzi nyembamba sauti nene, ndio unaojaza nafasi kati ya pigo na pigo, ndio uliowafikia watu waliokaa mwisho wa boma kabla spika hazijawahi kufika huko. Ukiuondoa, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mbao peke yake, njuga zinalia peke yake, na mpigaji aliyekuwa bendi nzima anabaki na nyuzi nane zinazonong'ona.

Wala si Wajaluo pekee. Mbira ya Zimbabwe, ala ya vibapa vya chuma, hufungwa vifuniko vya chupa ili ikoroge sauti. Tambura ya India, ala ya nyuzi, hutiwa uzi wa pamba darajani kwa sababu hiyohiyo. Nani aliwaambia mafundi wetu kwamba sauti safi ni ile iliyonyolewa?

Nakubali, shingo upande, kwamba maikrofoni ikikaribia daraja mno mlio huo hugeuka kelele. Basi isogezwe maikrofoni! Na mimi si mtumwa wa ukale: nyuzi zangu ni nailoni ya kuvulia samaki, si mishipa ya ng'ombe.

Aliyenielewa upesi ni mwenzangu wa kupiga picha. Lenzi yake ni Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, fokasi ya kuzungusha kwa mkono, na majani yaliyo nyuma ya mtu hujipinda kama maji yanayozunguka shimo. Kuna aliyemshauri anunue lenzi "isiyo na shida". Hajaiuza, na naomba asiiuze.

Sponji nimeitoa. Nta imeng'oka kwenye nyuzi mbili. Usiku huu naanza upya na ule wa tatu kutoka chini.