Mmarekani aliyekufa na sare ya Kanada anaandikwa wapi?

Kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington, jirani na Washington, kuna msalaba mrefu wa jiwe la itale, na juu yake umebandikwa upanga wa shaba. Ni zawadi ya Kanada, iliyozinduliwa tarehe 11 Novemba 1927 kwa heshima ya raia wa Marekani waliokufa katika jeshi la Kanada kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye yaliongezwa maandishi ya Vita ya Pili na ya Korea. Majina hayamo.

Msalaba ni mzuri, ila kwangu mimi heshima ni jina, tena lililoandikwa sawasawa. Na hapo ndipo mambo huharibika.

Katika Vita ya Pili, Wamarekani karibu 9,000 waliingia Jeshi la Anga la Kanada. Mwaka 1940 Kanada iliwaondolea kiapo cha utii kwa Mfalme ili wasipoteze uraia wao, na begani wakashona beji ya "USA". Waliokufa kabla ya kuhamia jeshi la kwao walikufa na namba za askari wa Kanada. Orodha ya vifo ya Wizara ya Vita ya Marekani ya 1946, iliyopangwa kaunti kwa kaunti, ni ya jeshi lake tu la nchi kavu pamoja na kikosi chake cha anga. Kamati inayonakili orodha hiyo kwenye mnara wa kumbukumbu wa mji wao itawaacha vijana hawa nje bila hata kujua.

Aanzaye kuwatafuta aanze na hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ileile inayotunza makaburi ya Taveta na ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Asidanganywe na safu ya utaifa: inafuata jeshi, kwa hiyo Mmarekani ataonekana "Canadian". Asome maelezo ya ziada, ambako huandikwa majina ya wazazi na mji, kwa mfano "of Dallas, Texas, U.S.A." Maelezo hayo yalitoka kwenye fomu iliyotumwa kwa ndugu, isiporudishwa, nafasi ilibaki tupu.

Ikiwa tupu, aende kwenye faili la marehemu katika hifadhi ya taifa ya Kanada, atafute fomu ya kuomba kujiunga. Asome uraia, mahali pa kuzaliwa na anwani kwa pamoja, kwani mara nyingi havilingani: mtu kazaliwa Toronto, kakulia Detroit, Marekani. Uraia ndio uamue. Vita ya Kwanza ni ngumu zaidi, maana wapo waliodai wamezaliwa Kanada, au wakabadili jina kabisa. Huko mshike ndugu aliyetajwa kwenye fomu na anwani yake, umlinganishe na sensa ya Marekani ya 1910.

Cheo na jeshi viandikwe vilevile alivyokuwa navyo. Kumwandika wa "U.S. Air Force" ni kosa juu ya kosa, jeshi lenye jina hilo lilianza 1947.

Na walio hai wasisubirishwe. Eugene Bullard, Mmarekani mweusi aliyeipigania Ufaransa ardhini na angani, alikataliwa na kikosi cha anga cha kwao mwaka 1917. Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1959, wakati yeye akiendesha lifti New York. Marekani ilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994, miaka 33 baada ya kuzikwa Queens na sare ya Kifaransa.