"Kwangu Inafanya Kazi" Haitoshi

Usiku mmoja nilituma marekebisho ya mistari sita kwenye mradi mdogo wa programu huria. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikuwa shwari. Dakika nne baadaye nikaona alama nyekundu: majaribio yanayojiendesha ya mradi, kwenye kompyuta ya Linux, yalikuwa yameanguka. Nilikuwa nimeandika Picha.png, kumbe faili lenyewe linaitwa picha.png. Mac kwa kawaida haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili; Linux inajali. Hakuna aliyeamshwa, hakuna aliyenifokea. Nikasahihisha, nikalala.

Kwa maoni yangu, mradi huria usio na majaribio yanayojiendesha kila msimbo (maandishi ya programu) mpya unapoletwa unawaonea watu wake. Msimamizi anajitolea, ana kazi yake na familia yake. Analetewa msimbo na mtu asiyemjua, halafu aukague kwa macho tu? Atachoka, au ataishia kupokea kazi za wale anaowafahamu. Hapo anayeumia ni mgeni. Jaribio halimuulizi mtu ametoka wapi wala kasoma chuo gani.

Mfano ninaoupenda sana ni PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Tangu 2004 wana shamba la kompyuta za watu wanaojitolea, na kila kompyuta ina jina la mnyama. Kuna mpya na kuna kuukuu, kila moja na mfumo endeshi wake, prosesa yake, kompaila yake (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine). Kila moja huchota msimbo mpya, huujenga, huupima, kisha majibu huanikwa mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Mmojawapo, skink, hupima kwa Valgrind, programu inayonusa makosa ya matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta. Ni kazi ya polepole, lakini huibua yale ambayo wengine hawayaoni.

Jaribio linaloanguka leo na kupita kesho bila sababu silitetei. Linawazoesha watu kupuuza nyekundu. Litengenezwe au liondolewe, tena wiki hiyohiyo.

Na kwa mwanafunzi wa Mwanza au Kisumu mwenye laptopu dhaifu, hili ni jambo kubwa: GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, huendesha majaribio ya miradi ya wazi bila malipo, kwenye Windows, Mac na Linux. Hahitaji kumiliki mashine tatu.

Jaribio lililoninasa usiku ule lilikuwa fupi mno: fungua ukurasa, hakikisha picha ipo.