Bahasha za Kaki

Nilipoajiriwa kuwa afisa habari wa shirika letu dogo la vyoo, Morogoro, nilidhani kazi ni kupiga picha na kurusha mitandaoni. Wakanipeleka semina ya siku 2. Mkufunzi akatukaririsha: nani, nini, lini, wapi, kwa nini, vipi. Jambo zito likae juu, taarifa isizidi ukurasa 1, chini kabisa namba ya simu ya kuulizia. Halafu akasema neno lililoniponza: kila mwandishi akabidhiwe taarifa mkononi, asije akatunukuu vibaya.

Novemba 19, Siku ya Choo Duniani, nikaalika waandishi 9. Mafaili dukani yalikuwa yameisha, nikachukua bahasha za kaki. Kwenye grupu la WhatsApp nikaandika kwa adabu zote: “Kila mmoja bahasha yake ipo.”

Walikuja 31. Mmoja kamera yake haikuwa hata na lenzi. Mkurugenzi akaninong'oneza, “Binti, kazi unaiweza.” Sambusa ziliisha kabla hajamaliza salamu. Swali halikuulizwa hata moja. Macho yote yalikuwa mezani kwangu.

Nikagawa. Mzee mmoja wa gazetini aliibonyeza ya kwake kwa kidole gumba, kama anachagua parachichi. Akaridhika (karatasi nilikuwa nimeikunja mara 3). Akajitenga pembeni, akageukia ukuta, akachungulia. Akarudi polepole.

“Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Nauli iko ukurasa wa ngapi?”

“Ni ukurasa mmoja tu, mzee.”

Dakika 5 baadaye ukumbini tulibaki mimi, mkurugenzi na sinki la choo la maonyesho.

Kesho yake redio moja tu ndiyo iliyotutangaza, lakini ilisoma neno kwa neno, hadi ule mstari wa chini kabisa. Saa 2 asubuhi simu ikaanza.

“Ndio watu wa vyoo? Cha kwangu kimejaa.”

“Sisi tunatoa elimu, baba.”

“Elimu ninayo. Gari la kunyonya linakuja lini?”

Wakapiga kutwa nzima, na wao ndio waliouliza yale maswali yote: lini, wapi, vipi, kwa nini bado. Nilikana hadi sauti ikakauka. Jioni akapiga mama mmoja wa Kihonda, nikajikuta namwuliza, “Geti lako, mama, lori linapita?”