Kukatishwakatishwa kazini: tatizo ni simu, ni mtu, au ni kazi ilivyopangwa?

Juzi nilikuwa kwa wakala wa pesa hapa mtaani nasubiri zamu yangu, mbele yangu kuna mama anataka kumtumia mwanae elfu 85. Anamsomea kijana namba, kijana anabonyeza, wamefika katikati mtu akachungulia dirishani, "kaka, vocha ya buku ipo?" Akageuka, "ipo, subiri kidogo", akarudi akamalizia namba, jina likaja kwenye skrini akaweka namba ya siri bila hata kulisoma. Tarakimu mbili zimegeuzana. Hilo swali la vocha halikuchukua hata sekunde tatu lakini tulikaa pale zaidi ya nusu saa anahangaika kupiga huduma kwa wateja ili hela izuiliwe, na yule mama kimya kakumbatia mkoba wake. Nilimuonea huruma mama, na kijana pia nilimuonea huruma, maana mi ni mhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi na mambo haya yananikuta kila siku ila makosa yangu huja kuonekana mwisho wa mwezi.

Foleni nzima ilikuwa inasema "si angekuwa makini tu". Hapo mi nakataa. Mwaka 2014 Erik Altmann wa chuo kikuu cha Michigan State kule Marekani na wenzake waliwapa watu kazi yenye hatua zinazofuatana alafu wakawa wanawakatisha kidogo tu. Kukatishwa kwa wastani wa sekunde 2.8 kulifanya makosa ya kukosea mpangilio wa hatua yawe mara mbili, na sekunde 4.4 yakawa mara tatu! Yani ubongo hausevu pale ulipoishia kama kompyuta inavyosevu faili, pale unapashikilia kwa kumbukumbu ya muda mfupi ambayo nafasi yake ni ndogo sana, ukiingiza kitu kingine, cha zamani kinasukumwa nje. Na hata ukirudi unakuwa hujarudi wote, mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba ukihama kazi kabla hujaimaliza sehemu ya akili inabaki kulekule ulikotoka, na nadhani kila aliyewahi kujibu emaili huku anahesabu anajua huyo Leroy anaongelea nini.

Lakini kuna upande wa pili na lazima usemwe, maana kuna watu wanahubiri zima simu utakuwa mtu mpya. Gloria Mark wa chuo kikuu cha California pale Irvine, ambaye amefuatilia watu wakiwa kazini miaka mingi, mwaka 2008 yeye na wenzake walikuta waliokatishwa walimaliza kazi HARAKA zaidi kuliko wasiokatishwa. Wanafidia kwa kukimbia. Ila walikuwa na msongo zaidi, wamekereka zaidi na wanahisi muda hautoshi, kwa hiyo bosi akiangalia kazi imetoka kwa wakati anaona hamna shida, gharama kabebeshwa mfanyakazi mwilini. Kuhusu notifikesheni nako, utafiti wa 2019 ulikuta waliozipokea kwa mafungu mara tatu kwa siku walikuwa na utulivu zaidi, ila waliozimiwa kabisa waliishia na wasiwasi zaidi. Alafu ule utafiti maarufu wa 2017 kwamba simu ikiwa mezani tu, hata haijaita, inakupunguzia uwezo wa kufikiri, waliojaribu kuurudia baadaye hawakupata jibu moja, kwa hiyo mi siutumii kumbishia mtu.

Na kwa kazi kama yetu simu ndiyo duka. Mteja yuko Mbeya, anatuma picha ya slipu ya benki kwenye grupu la WhatsApp, lori liko getini linasubiri kupakia, mi nikijifungia saa nzima gari linalala na dereva anadai posho. Siku nyingine kukatishwa kumeniokoa kabisa, nipo naandaa invoisi ya bati, stoo kipa akaingia bila hodi, "dada, simamisha hiyo, geji 28 zimeisha tangu jana". Angesubiri nimalize tungekuwa tumepokea hela ya mzigo ambao hatuna.

Kwa hiyo kwangu mi swali sio kukatishwa ni kubaya au kuzuri, swali ni kazi gani inakatishwa. Manesi wa hospitali mbili za Sydney walifuatiliwa wakitoa dawa, matokeo yakatoka 2010, na kila walipokatishwa makosa ya kitabibu yaliongezeka kwa karibu asilimia 12.7. Marubani wa Marekani wana sheria tangu 1981 kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000 hamna stori yoyote isiyohusu urushaji, ila wakishapanda juu wanaongea. Hawakuambiwa muwe makini, walipangiwa muda wa kutoguswa. Maofisi yetu mengi hayajafika hapo, mtu anapewa hesabu za mamilioni, magrupu manne ya kazi na bosi anayetaka jibu ndani ya dakika, alafu akikosea anaitwa mzembe.

Mi niliomba saa tatu mpaka saa tano asubuhi nilinganishe vitabu na taarifa za benki bila kuguswa. Bosi alisema mteja hasubiri, na ni kweli hasubiri, tukakubaliana muda huo grupu la oda alishike stoo kipa na kama kuna moto kweli wanipigie. Makosa yamepungua sana, ila mwisho wa mwezi utaratibu wote unavunjika na hapo bado tunavutana.

Yule mama hela yake ilirudi kesho yake. Na kijana wa wakala sikuhizi akisemeshwa katikati ya muamala anafuta namba yote, anaomba asomewe upya kuanzia sifuri, watu wa nyuma wanalalamika foleni haiendi na yeye wala hageuki.