Nitrojeni isiwe kisingizio cha kuvua shaba

Kwa wastani ndege ya abiria hupigwa na radi mara moja hivi kwa mwaka. Abiria husikia kishindo, wengine huanza kusali, na baada ya dakika chache chai inaendelea kugawiwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tarehe 8 Desemba 1963, Boeing 707 ya Pan Am, safari namba 214, ilikuwa ikizunguka karibu na Elkton, Maryland, ikisubiri zamu ya kutua Philadelphia. Radi ikaipiga, mvuke wa mafuta ukalipuka ndani ya tangi la bawa la kushoto. Wote 81 waliokuwemo walikufa.

Kinacholipuka ni ule mvuke uliochanganyika na hewa juu ya mafuta, na hauhitaji moto mkubwa. Ndege husanifiwa ihimili radi ya ampea 200,000, lakini cheche isiyofika hata milijuli moja, kipimo kidogo sana cha nishati, inatosha kuuwasha. Ndiyo maana wahandisi wa matangi hukosa usingizi kwa ajili ya bolti. Hebu itazame bolti moja ya bawa: kichwa kiko nje, mkia umo ndani ya tangi. Ikikaa kwenye tundu lake kwa ulegevu kidogo tu, umeme hurukia pembeni, na hapo ndipo cheche huzaliwa. Kwenye bawa la alumini umeme hutambaa juu ya ngozi ya ndege na kutoka zake. Bawa la Boeing 787 limeundwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hazipitishi umeme vizuri kama alumini, basi umeme huzitafuta bolti.

Boeing ilijibu kwa kinga juu ya kinga: bolti zilizobana sawasawa, vifuniko vya kuhami upande wa ndani, utando wa shaba wa kusambaza umeme kwenye ngozi ya bawa, na mtambo wa kujaza tangi hewa yenye nitrojeni nyingi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka hadi 12, mvuke hauwaki. Mitambo hii ililetwa baada ya tangi la ndege ya abiria ya Marekani, TWA 800, kulipuka mwaka 1996 na kuua watu 230, ingawa pale radi haikuhusika.

Mwaka 2019 ndipo mambo yalipoharibika, kwa maoni yangu. Gazeti la Seattle Times lilifichua kwamba Boeing imeondoa utando wa shaba kwenye sehemu za bawa la 787. Wataalamu wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, walikuwa wamekataa. Boeing ikakata rufaa, na wakubwa wa wataalamu hao ndani ya FAA wakaidhinisha. Tena ndege kadhaa zilikuwa zimeshaundwa bila utando huo kabla ya idhini! Boeing ilijitetea kwamba kinga zilizobaki zinatosha, nitrojeni ikiwemo.

Sikubaliani nao. Kanuni zenyewe zinaruhusu ndege kuruka na abiria kwa siku kadhaa mtambo wa nitrojeni ukiwa mbovu, ikisubiri matengenezo. Siku hizo ndizo shaba ilipokuwa inahitajika zaidi. Huwezi kuvua kinga moja kwa kuitegemea nyingine, halafu ukairuhusu hiyo nyingine ilale. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na huu msala una ruhusa rasmi ya kupita.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Kenya Airways na Air Tanzania zote zinarusha 787, na anga la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mamlaka zetu hutegemea sana cheti cha FAA, lakini hazijafungwa mikono: zinaweza kuweka masharti makali zaidi kwa ndege wanazozisajili. Mimi ningeanza na moja. Ndege iliyopunguziwa shaba isiruke msimu wa masika na mtambo mbovu wa nitrojeni, hata kwa siku moja.