Kisu Kilichoanguka Ahero

Kosa langu lilikuwa kupokea ile simu. Nilikuwa kiti cha nyuma kwenye matatu ya Nakuru–Kisumu, mapajani kipande cha katoni nilichokichora vyumba vya pembe sita kama masega ya nyuki, na vizibo viwili vya soda juu yake. Kimoja ni mimi, kingine ni binamu yangu aliye Kakamega na katoni yake.

Mchezo unaitwa Melee. Aliutunga Mmarekani, Steve Jackson, mwaka 1977: watu wa enzi za panga na ngao wanakatana mpaka mmoja alale. Unagawa alama 24 kati ya nguvu na wepesi, kisha unarusha dadu tatu. Jumla isipozidi wepesi wako, umempata. Ukipata 17, umeangusha silaha.

Binamu hupenda mijitu: nguvu 14, wepesi 10, upanga wa mikono miwili. Mimi nguvu 9, wepesi 15, na kisu, basi. Ujanja wangu ni kumwingia maungoni. Mkishakumbatiana upanga mrefu hauna kazi.

Salgaa, simu ikalia.

"Niko nyuma yako," nikamwambia. "Kisu ninacho."

Mama wa kiti cha mbele, mwenye kuku kwenye kikapu, akaacha kutafuna njugu.

"Umebakisha damu kidogo. Nataka nikumalize kabla ya Kericho."

Jirani yangu alikuwa ameshajibandika dirishani kama stika. Mimi, kichwa kizima kiko Ulaya ya mashujaa wa farasi, sikuona kitu.

"Dereva, weka kando! Huyu ana kisu!"

Tukasimama Londiani. Makanga akanipekua hadi soksi: chaja, hindi la kuchoma, dadu tatu.

"Kisu kiko wapi?"

Nikaonyesha kizibo. Jaribu wewe kuwaeleza abiria kumi na watatu wenye hasira kwamba kizibo hiki ndicho kisu, na kizibo hichohicho ndiwe wewe.

Ikabidi nifundishe mchezo mzima, binamu akisaidia kwa spika ya simu. Tulipopita Kericho, mama alikuwa mkali kuniliko.

"Yaani mtu ana upanga na wewe umemwendea na shati tu?"

"Mama, deraya inapunguza wepesi."

"Na kaburi je, linaongeza?"

Simu akaichukua yeye, eti mimi najibizana badala ya kupigana. Dadu zikawa za makanga, maana mikono yangu ilionekana ina mkosi. Kila akirusha, gari zima linahesabu kwa sauti, na jirani wa dirishani ndiye anayepiga kelele kuliko wote.

Ahero kulikuwa na kizuizi cha polisi. Hakuna aliyekiona. Afande alifungua mlango dadu zikitua kwenye katoni: sita, sita, tano.

"Mayooo!" mama akalia kwa uchungu wa kweli. "Ameangusha kisu!"

Afande akainama taratibu, akachungulia chini ya viti.

"Kisu cha nani?"

Vidole vyote vikanielekea. Na kwenye mapaja ya mama, spika ikiwa juu kabisa, binamu akacheka:

"Sasa huna kitu mkononi. Nakunyonga hapohapo ulipo."

Afande akanyoosha mkono. "Hiyo simu, leta hapa."